Mfalme aliyejipeleka mwenyewe kifungoni, na faranga ilivyozaliwa

Ukiwa Bujumbura, Kigali au Goma ukitoa noti mfukoni unalipa faranga, na hilo jina ni la zamani kuliko mipaka ya hizo nchi zote. Lilianza tarehe 5 Desemba 1360 kwenye mji unaitwa Compiègne, kaskazini mwa Paris. Siku hiyo mfalme mmoja aliyekuwa ndo kwanza katoka kifungoni aliamuru ipigwe sarafu mpya ya dhahabu, maana alikuwa anadaiwa mzigo wa hela ambao ufalme mzima ulikuwa hauna. Anaitwa Jean wa Pili, Wafaransa wanamwita Jean le Bon, yaani Jean Mwema. Na huyu huyu jamaa, miaka mitatu baadaye, akapanda meli akarudi Uingereza kifungoni, hakuna aliyemkamata wala kumburuta, kaenda mwenyewe, kafia huko huko.

Watu wanabishana mpaka leo, alikuwa muungwana au alikuwa hamnazo? Mimi nina jibu langu ila siwezi kulisema sasa hivi kabla hujamjua mtu mwenyewe, na kuna mauaji ya mwaka 1350 ambayo lazima uyajue kwanza.

Tumalize hili la namba. Anaitwa wa Pili, je wa kwanza alikuwa nani? Jean wa Kwanza alikuwa mtoto mchanga, kazaliwa Novemba 1316 akiwa mfalme tayari kwa sababu baba yake Louis X alishakufa, akaishi siku tano tu akafa. Hapo ndo balaa lote lilipoanzia. Ukoo wa Wacapet ulikuwa umerithishana kiti baba kwa mwana zaidi ya miaka mia tatu bila kukatika, sasa ghafla hamna mwana. Wakachukua baba wadogo wa yule mtoto, mmoja baada ya mwingine, nao wakafa bila kuacha mtoto wa kiume, mpaka 1328 ukoo ukaisha kabisa. Waliokuwa wanaweza kurithi ni wawili: Edward III wa Uingereza, ambaye mama yake alikuwa dada wa hao wafalme waliokufa, na Philippe wa Valois, ambaye ni binamu tu, ila amepitia upande wa baba. Makabaila wa Ufaransa wakamchukua Philippe, kwanza yuko hapo hapo, pili si Mwingereza. Edward alikubali kwa shingo upande, halafu 1337 vita vikaanza, ndo hivyo vinavyoitwa Vita vya Miaka Mia.

Jean ni mtoto wa huyo Philippe. Kazaliwa 1319, wakati huo baba yake hana hata ndoto ya ufalme. Kwa hiyo alikulia kwenye nyumba ambayo kiti chake kilikuwa na mashaka, kila kabaila aliyekasirika alikuwa na pa kwenda, anavuka tu upande wa Edward. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini alikuwa mtu wa kushtuka shtuka na kushuku kila mtu. Halafu 1346 baba yake akapigwa vibaya na Waingereza huko Crécy, 1347 wakaiteka bandari ya Calais, 1348 tauni ikaingia ikafagia watu, 1349 ikamchukua mke wa Jean, Bonne wa Luxembourg, na agosti 1350 mzee mwenyewe akafa. Jean akatawazwa Reims mwezi uliofuata, ana miaka 31.

Louvre, Paris, wana picha yake, imechorwa kwenye ubao, ni ndogo tu. Ameangalia upande, pua ndefu, ndevu chache, nywele zinaelekea wekundu, hana taji wala nini, juu imeandikwa Jehan mfalme wa Ufaransa. Ni kati ya picha za zamani kabisa za mtu mmoja peke yake zilizobaki Ufaransa. Ukiiangalia unaona mtu aliyechoka kidogo, ila labda mimi naona hivyo kwa sababu najua kilichompata.

Sasa tuje kwenye yale mauaji.

Raoul wa Brienne alikuwa mkuu wa majeshi ya Ufaransa, Waingereza walimkamata 1346 kwenye mji wa Caen. Zamani zile ukimkamata mtu mkubwa vitani humuui, huyo ni mtaji. Unamtunza vizuri, unamlisha, halafu ukoo wake unatafuta hela ya kumkomboa. Na kwa vile hela haijikusanyi yenyewe, mara nyingi unamruhusu aende kwao akaitafute, kwa kiapo kwamba asipoipata anarudi. Mfumo mzima ulikuwa unasimama juu ya neno la mtu. Mtu akivunja kiapo chake, hakuna atakayemwamini tena, na wenzake wote watakaokamatwa kesho wataumia kwa sababu yake.

Raoul akarudi nyumbani hivyo hivyo, Novemba 1350, kuja kutafuta hela yake. Jean akamkamata, na siku chache baadaye akakatwa kichwa, bila kesi ya hadharani na bila kutangaza kosa lake. Watu wakabaki wanaulizana. Uvumi ulikuwa kwamba Raoul alikubali kuwapa Waingereza ngome yake ya Guînes, jirani na Calais, ili aachiwe, yaani alikuwa anajikomboa kwa ardhi ya Ufaransa. Liweke akilini hilo, mtu kakatwa kichwa kwa kushukiwa tu kwamba kajikomboa kwa ardhi.

Cheo cha Raoul akapewa Charles de la Cerda, kipenzi cha mfalme, na hapo ndo Jean akajitengenezea adui mbaya kuliko Waingereza wote, mkwe wake mwenyewe. Huyu anaitwa Charles wa Navarre, na Wafaransa walimpa jina la Charles Mbaya, kwa hiyo hii hadithi ina Mwema na Mbaya, ila ukichunguza huoni sana tofauti. Mbaya alikuwa mjukuu wa Louis X kwa upande wa mama, kwa hiyo alijiona na yeye ana haki ya kiti, tena mahari aliyoahidiwa alipomuoa binti wa Jean haikulipwa, tena eneo la Angoulême alilokuwa anadai likapewa huyo kipenzi. Januari 1354 watu wake wakamvamia de la Cerda kwenye nyumba ya wageni mjini L'Aigle wakamuua. Jean alilazimika kusamehe mbele za watu. Moyoni hakusamehe, na wote wawili walilijua hilo.

Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Aprili 1356, mtoto mkubwa wa mfalme, naye anaitwa Charles (wote Charles, ndo majina yao), alikuwa amewaalika makabaila wa Normandy chakula kwenye ngome ya Rouen, na Mbaya yupo mezani. Watu wanakula. Mlango unafunguliwa, anaingia mfalme na helmeti kichwani na askari nyuma yake, anamshika Mbaya kwenye nguo anamvuta. Mtoto wake anampigia magoti, baba hawa ni wageni wangu, nitaonekana nimewatega, watu watanionaje? Hakumsikiliza. Wanne wakatolewa nje ya mji siku hiyo hiyo wakakatwa vichwa, mfalme yupo anaangalia, kwenye kiwanja ambacho jina lake, na sitanii, kiliitwa Uwanja wa Msamaha. Mbaya mwenyewe akatupwa gerezani.

Umeona ni mtu wa aina gani. Hilo jina la Mwema halina maana ya upole. Kwa lugha yao ya wakati ule mtu mwema ni yule jasiri, naiti (askari kabaila wa farasi) aliyekamilika, mwenye mkono mzito vitani na mkono wazi wa kutoa. Hapo kweli alistahili. Alianzisha hadi chama cha manaiti, Chama cha Nyota, na inasemekana wanachama waliapa hawatakimbia vitani zaidi ya hatua fulani. Agosti 1352 huko Mauron, Brittany, wengi wao wakafa kwenye pigano moja, wengine kwa sababu hawakutaka kurudi nyuma. Chama kikafa nacho taratibu.

Kumbuka pia hela. Vita vinakula hela na mfalme hakuwa na kodi ya kudumu, kila akitaka kodi lazima abembeleze baraza la makasisi, makabaila na watu wa mijini. Njia ya mkato ilikuwa kuchakachua sarafu: unakusanya za zamani, unayeyusha, unapiga mpya zenye fedha kidogo zaidi na jina lile lile, kinachobaki ni chako. Jean alifanya hivi mara nyingi kiasi kwamba mwenye duka hakuwa na uhakika pauni ya leo (livre, hela ya Wafaransa wa enzi hizo) itanunua nini mwezi ujao, na aliyeumia zaidi ni anayelipwa kodi ya shamba kwa kiwango kile kile kila mwaka, yaani kabaila mwenyewe na kanisa.

Septemba mwaka ule ule wa 1356 mtoto wa Edward, ambaye kizazi cha baadaye kilimwita Mwana Mfalme Mweusi, alikuwa anatoka kupora katikati ya Ufaransa, anarudi Bordeaux na mizigo. Jean akamkatia njia karibu na Poitiers na jeshi kubwa zaidi. Tarehe 19 wakapigana. Waingereza walijipanga nyuma ya ua wa miti na mizabibu, wana pinde zao ndefu. Wafaransa walikumbuka Crécy jinsi farasi walivyochanganyikiwa na mishale, kwa hiyo safari hii wengi wakashuka kwa miguu, wazo si baya, ila wakaenda kundi kundi, kundi la kwanza likavunjika, la ndugu wa mfalme likaondoka bila hata kupigana, watoto wakubwa wa mfalme wakatolewa uwanjani, akabaki Jean na kundi la mwisho.

Yeye hakuondoka. Alikuwa kwa miguu na shoka mkononi, pembeni yake mtoto wake mdogo Philippe, miaka 14, ambaye kwa hadithi wanayoijua Wafaransa wote alikuwa anapiga kelele, baba angalia kulia, baba angalia kushoto. Mwisho wakazungukwa, na tatizo halikuwa kuuawa tena, tatizo lilikuwa kila mtu anataka kumshika yeye, wanamvutana kama kondakta wa stendi wanavyogombania abiria, maana anayemshika mfalme katajirika ukoo mzima. Akajisalimisha kwa naiti mmoja aliyekuwa anazungumza Kifaransa, Denis de Morbecque, mtu wa Artois aliyekimbia kwao, akampa glavu yake ya kulia. Jioni hiyo Mwana Mfalme Mweusi akamhudumia mezani kwa mikono yake, akakataa kukaa naye, anasema hastahili kuketi na mtu aliyepigana vile.

Mei 1357 akaingizwa London kwenye farasi mweupe mzuri, mshindi wake pembeni kwenye kifarasi kidogo cheusi. Akakaa kwenye jumba la Savoy, baadaye Windsor, baadaye ngome ya Somerton, baadaye Mnara wa London. Usifikirie minyororo. Alikuwa na watumishi, na mchekeshaji wake, na mvinyo.

Nyumbani sasa. Mwana mfalme Charles, kijana wa miaka 18, mgonjwa mgonjwa, kaachiwa nchi isiyo na hela. Baraza likamwekea masharti, kiongozi wa wafanyabiashara wa Paris, Étienne Marcel, akataka serikali isimamiwe. Februari 1358 umati wa Marcel ukaingia chumbani kwa Charles ukaua wakuu wake wawili wa jeshi mbele ya macho yake, na Marcel akamvalisha kofia yake yenye rangi nyekundu na bluu za Paris ili asidhurike. Mbaya alishatoroka gerezani, anachochea huku na kule. Mei wakulima wa pande za Beauvais wakachoka kuporwa na kila mwenye upanga wakaanza kuchoma ngome za makabaila, na walipigwa wakafyekwa ndani ya wiki chache, na aliyewafyeka ni huyo huyo Mbaya. Julai 31 Marcel akauawa na watu wa Paris wenyewe.

Na mfalme je? Mfalme anataka kutoka. Machi 1359 akakubali mkataba London wa kutoa karibu nusu ya nchi yake, magharibi yote, pamoja na dhahabu. Ukasomwa Paris, na jibu likawa kwamba haupitiki wala hautekelezeki. Yaani mtoto na baraza wamemkatalia mfalme, bora akae huko huko. Edward akaja na jeshi kujichukulia mwenyewe, akashindwa kuingia Reims, Aprili 1360 mvua ya mawe karibu na Chartres ikaua watu wake na farasi, akakubali kuongea.

Mkataba wa Brétigny, Mei 1360: Ufaransa inatoa karibu theluthi ya ardhi, Aquitaine na majirani zake, pamoja na Calais, na fidia ya ekyu milioni 3 za dhahabu kwa awamu. Mfalme anaachiwa ikishalipwa sehemu ya kwanza, na kwa hela iliyobaki anaweka watu rehani: watoto wake wawili Louis na Jean, ndugu yake, makabaila kadhaa, na wenyeji wa miji, kila mji uliotajwa utoe wake. Umekumbuka Raoul? Alikatwa kichwa kwa uvumi wa ngome moja.

Hela ya mwanzo sehemu kubwa ilitoka Milan. Watawala wa Milan, ukoo wa Visconti, walikuwa na mkwanja ila hawana damu ya kifalme, kwa hiyo binti wa mfalme, Isabelle, miaka 12, akaozwa kwa mtoto wao Gian Galeazzo wa miaka kama 9, kwa florini 600,000 (sarafu za dhahabu za Italia). Kuna Waitaliano wa wakati ule walioandika wazi kwamba mfalme kauza nyama ya mwili wake, na sioni neno lingine la kutumia.

Jean akarudi Oktoba 1360, na tarehe 5 Desemba ndo tunafika Compiègne. Siku ile yalitoka mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kodi: asilimia 5 ya kila bidhaa inayouzwa, moja ya tano kwenye chumvi, moja ya kumi na tatu kwenye mvinyo. Ilikuwa ya kumkomboa mfalme tu, ya muda, kama kodi zote zinavyoanzaga. Kumkomboa mfalme lilikuwa jukumu la kila mtu kimila, hakuna wa kubisha, kwa hiyo kile ambacho wafalme walikuwa wanabembeleza miaka na miaka kikapatikana kwa sababu mfalme kashindwa vita. Ile kodi ya chumvi iliendelea kuwatesa mpaka mapinduzi ya 1789.

La pili, sarafu. Dhahabu karibu gramu 3.9, thamani yake pauni moja ya Tours, na ahadi kwamba mchezo wa kuchakachua umekwisha, maana sasa waliokuwa wanalipa walitaka thamani iliyotulia na Edward naye alitaka dhahabu ya kueleweka. Kwenye sarafu Jean yuko juu ya farasi anakimbia, upanga umeinuliwa, kavaa vita kamili. Mtu aliyekamatwa akiwa kwa miguu! Ikaitwa franc. Wengi wanasema ni kwa sababu neno hilo maana yake ni huru, mfalme kawa huru, wengine wanasema ni yale maandishi ya Kilatini kwenye sarafu, Francorum Rex, mfalme wa Wafranka. Inawezekana watu walisikia yote mawili kwa pamoja. Jina likazama, likaibuka, mapinduzi yakalifanya la taifa, Ubelgiji ikalichukua ilipopata uhuru wake, ikalibeba hadi Congo na Ruanda-Urundi, na ndo maana mama wa sokoni Bujumbura leo anakuambia faranga.

Deni halikwisha. Askari walioachishwa kazi baada ya amani wakageuka magenge, Aprili 1362 wakalipiga jeshi la mfalme lenyewe huko Brignais, na nchi inayoporwa hailipi kodi. Mateka walioko London wakachoka. Wale wana wa mfalme wakafanya dili lao wenyewe na Edward, wakahamishiwa Calais, wanaruhusiwa kutoka siku chache kwa kiapo cha kurudi. Louis alikuwa na mke, Marie wa Blois, ambaye alimuoa Julai 1360 na kumwacha miezi michache baadaye akaenda rehani. Mwaka 1363 akatoka Calais kwenda kumwona. Hakurudi. Baba akamwita, akamsihi, kijana kagoma.

Basi Jean akasema naenda mimi. Washauri wake wote walikataa. Mwanzoni mwa Januari 1364 akavuka kwenda Dover, London wakampokea kwa shangwe, akarudi Savoy kwenye jumba lake la zamani. Kuna mwandishi wa enzi zile aliyesema kaenda kujistarehesha tu, wengine wakasema kuna mwanamke, na wapo wanaosema alikwenda kujadili deni upya ana kwa ana, ambayo ina mantiki, maana yeye na Edward walikuwa wanaelewana kuliko mawakala wao.

Jibu langu mimi ni hili. Hakuwa hamnazo. Neno lake ndo ilikuwa dhamana pekee iliyobaki kwenye ule mkataba, dhahabu hana, ardhi keshatoa, mtoto katoroka. Akikaa kimya, kila Mfaransa mwenye ndugu London anajua ndugu yake sasa hana thamani ila shingo. Tatizo langu naye ni lingine, kwamba heshima yake ilikuwa ya kweli kabisa ila ilikuwa inaishia kwa watu wa ngazi yake. Kwa Edward alitimiza kila neno. Wageni waliokuwa mezani kwa mtoto wake Rouen hawakupata hata kesi, na muuza chumvi wa Normandy alilipia kiapo ambacho hakukiapa.

Akaugua huko, akafa Savoy tarehe 8 Aprili 1364, hajafikisha miaka 45. Edward akamfanyia ibada kubwa London kisha akaurudisha mwili, ukazikwa Saint-Denis mwezi wa tano. Kabla hajaenda alikuwa amempa yule kijana wa Poitiers, Philippe, jimbo zima la Burgundy kama zawadi, na hiyo zawadi ilikuja kuitafuna Ufaransa karne nzima, ila hiyo ni makala nyingine.

Yule mwana mgonjwa mgonjwa akawa Charles V. Hakulipa fidia yote, 1369 vita vikarudi, na kufikia kifo chake alikuwa kashachukua sehemu kubwa ya ile ardhi bila yeye kwenda vitani, alikuwa anatuma watu. Aliendelea kupiga faranga, ila mwaka 1365 alibadilisha picha: farasi hayupo, mfalme kasimama chini kwa miguu yake, katulia.